Dada Mariamu Alianza Juzi

Jumatano

Halafu dada Mariamu akacheka! Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa.

Mimi nilimnong'oneza kwa furaha, tukiwa ghalani tunachambua dengu. "Dada Mariamu, meneja kanichagua. Kuanzia kesho nitazame tunavyoishi kazini, nimwambie yeye, naye amweleze yule tajiri aliyelinunua shirika. Nitawasemea vizuri wote."

"We mtoto we! Mimi mbona kazi hiyo nimeianza juzi."

Juzi. Na ni juzi hiyohiyo mama mkwe alipomleta mwanangu Zawadi getini anyonye, dada Mariamu akalivuta fungu langu la dengu kwake, akasema, "Nenda, usiharakishe, mwache mtoto ashibe." Nikakaa sana.

Nikamuuliza kama na mimi amenisema.

"Nimesema ninachokiona, mdogo wangu. Wanapunguza watu, na mimi nina watoto."

Zawadi alipoletwa leo sikutoka. Nilimsikia akilia kule getini, maziwa yakalowesha gauni langu, nikaendelea kuchambua. Dada Mariamu hakuinua macho.

Kesho ni zamu yangu. Nikiikosa kazi hii sijui huyu mtoto...

Meneja ataniuliza dada Mariamu ni mtu wa namna gani kazini, na nikitaka naweza kumponza kwa neno moja tu. Tangu jioni najaribu kumchukia. Lakini kila nikijiuliza nimeona nini kwake, naona mikono yake inachambua fungu langu, na mimi niko nje namnyonyesha mwanangu.