Apdeti Iliyokuja kwa Mke Wangu Tu

Jumapili, alasiri. Mawingu yametanda tangu tutoke kanisani lakini mvua yenyewe haiji. Joto tu, na inzi.

Namwonea wivu mke wangu. Naandika hivi ili niyaone maneno yenyewe yalivyo mabaya.

Si wivu wa mwanamume mwingine. Huo ningeweza hata kumsimulia mtu. Ni wivu wa simu.

Tulizinunua siku moja, duka moja, pale karibu na stendi. Yake ya bluu, yangu nyeusi, na muuzaji alituapia kwamba ni kitu kilekile. Jumatano simu ya mke wangu, mama Limi, ikaleta ujumbe: toleo jipya la mfumo liko tayari. Toleo hilo nililisubiri mimi. Nimetazama video zake zote, najua hadi saa itakavyokaa kwenye kioo. Nikaikamata yangu, nikaingia kwenye mipangilio kutafuta. Ikanijibu kwamba tayari iko kwenye toleo lake la mwisho.

La mwisho.

Kumbe majina ya simu zetu yanapishana herufi moja kule nyuma, na herufi hiyo ndiyo inayoamua nani asonge mbele na nani abaki.

Katika familia hii mtaalamu wa simu ni mimi. Hata wazee wa kijijini kwetu Nkoma, simu ikigoma, wanaipakia kwenye basi iletwe kwangu. Mke wangu ni fundi cherehani. Kwake simu ni ya kupokelea picha za mishono na kuwaambia wateja nguo zimekwisha. Hajawahi kuuliza toleo ni nini. Halafu apdeti imfuate yeye!

Alikuwa anakunja pindo la sketi. Akaninyooshea simu.

"Baba Limi, inauliza niweke sasa au baadaye. Nibonyeze wapi?"

"Usiguse," nikamwambia. "Hizo ndizo zinazoua simu."

"Ee, afadhali nimekuuliza." Akabonyeza baadaye, akarudi kwenye pindo lake.

Ushahidi sikuwa nao. Niliutafuta baada ya kusema. Nikasoma malalamiko ya watu nisiowajua: chaji inakwisha upesi, simu inapata moto, picha zimepotea. Kila lalamiko lilinipa raha. Waliosifia niliwaruka.

Alhamisi nilipotoka kazini nikapita dukani kutazama simu iliyokuja na toleo hilo. Nikaishika. Ni nzuri, sikatai. Nikamuuliza muuzaji itanisaidia nini mimi, mtu wa ghala la pamba, ninayepiga simu na kuandika uzito wa magunia. Akafikiri kidogo.

"Bosi, utakuwa wa kisasa."

Karibu niichukue. Na si kwamba niliihitaji. Nilitaka tu mama Limi asinipite.

Ijumaa nikamsikia dirishani akiongea na mama Neema, jirani yetu mwenye genge la mboga. Simu ya mama Neema nayo ilikuwa imeleta ujumbe uleule. "Usiiweke, dada," mke wangu akamwambia. "Mume wangu kasema inaua simu, na yeye anazijua." Alisema kwa fahari. Nilikuwa nakunywa chai, nikaiweka chini.

Jana akaja Kabula, mdogo wake mama Limi, kutoka Nyashimo, kuchukua gauni lake la harusi ya rafiki yake. "Mwadila, shemeji," akanisalimu kwa Kisukuma, akakaa, akatoa simu. Ya bluu. Ileile ya dada yake. Akalitundika gauni mlangoni, akalipiga picha, akagusa kioo mara mbili, na ndoo iliyokuwa pembeni ikatoweka, na kuku akatoweka. Likabaki gauni peke yake, utadhani limepigwa kwenye duka kubwa Mwanza.

Mama Limi akaishika ile simu kwa mikono miwili. "Hii uliiweka lini? Na haijafa?"

"Ife kwa nini?" Kabula akacheka. "Nina wiki nayo."

Mke wangu akanitazama. Nikasema simu zinatofautiana. Kabula akanitazama pia, na nadhani alielewa, maana aliomba maji na kubadili mazungumzo.

Alipoondoka, mama Limi hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kujitetea.

"Ya kwako imeleta?"

"Hapana."

"Haitaleta?"

"Haitaleta."

Akazungusha gurudumu la cherehani kidogo, akaliacha. "Ungeniambia hivyo tu. Sasa mama Neema nitamwambia nini? Nimemzuia kwa jina lako."

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Leo baada ya kanisa nimekwenda. Nikasimama mbele ya mafungu ya nyanya, nikamwambia mama Neema kwamba nilikosea, apdeti haina shida, aiweke tu. Akaendelea kupanga nyanya zake.

"Baba Limi, mimi niliiweka siku ileile. Sikusema kitu kwa sababu nilimwona mkeo anavyokuamini."

Nimetembea kurudi nyumbani na sentensi hiyo. Katika mtaa mzima, aliyeniamini ni mmoja, na ndiye niliyemdanganya.

Nikamwekea bando, tukakaa wote tukaisubiri simu ishushe, izime, iwake. Nusu ya mambo yenyewe ni mapambo: vitufe vya mviringo vimekuwa vya pembe, na kwa muda hakukiona kitabu chake cha majina, akalalamika kwamba wamemharibia. Chaji nayo nahisi inashuka haraka kidogo. Lakini ile picha isiyo na ndoo, kwa mtu anayeuza mishono, inatosha kabisa. Yeye anastahili toleo jipya.

Mimi je? Nimejiuliza kwa haki. Yangu inapiga, inapokea, inatuma hela, na magunia hayahitaji kufutiwa kuku. Simu mpya sinunui.

Ningependa kumalizia kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Sasa hivi mama Limi yuko uani, ametundika sare za kwaya kwenye kamba, anazipiga picha moja moja, anacheka peke yake. Limi anaruka ruka akitaka kuona. Mara mbili wameniita, "Baba, njoo uone!" na mara mbili nimesema nakuja, nikaendelea kuandika.

Kwa nini ni vigumu hivi kumfurahia mtu wako mwenyewe?

Wananiita tena. Ngoja nitoke.