Mguu Uliovunjwa Mara Mbili

Kwako Mama Wakesho,

Salamu zangu zitoke kwenye jua hili lisilo na adabu zifike kwenye baridi yenu ya Wundanyi. U mzima? Magoti yako yanasemaje? Na ng'ombe, ameshazaa au bado anatutania? Mimi ni mzima kuliko vijana wote wa Garissa, sikufichi. Mwambie binti yetu akusomee polepole na asiruke mahali penye damu. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe siku tatu, sitaki jasho langu lirukwe.

Ulinitumia neno kali kwa dereva wa lori. Ulisema: "Baba Wakesho, ukiweza kwenda Korakora na kurudi pamoja na wenzako bila kushikwa mkono na mtu, kaa huko uendeshe baiskeli mpaka ufe. Ukishindwa, rudi nyumbani." Nilikubali mbele ya dereva na mbele ya Mungu. Basi sikiliza. Nianze na mguu, maana watu wamekuletea uongo kwamba niligongwa na gari. Gari gani la kunigonga mimi?

Ni ngamia. Wajua kazi yangu ni kubeba nyama kwa baiskeli kutoka machinjioni kwenda hotelini, na siku za mashindano hakuna mbeba nyama aliyewahi kuuona uso wangu, wote wanaujua mgongo. Asubuhi ile nilikuwa mazoezini njia ya Korakora, nikakuta ngamia wamejaa barabarani. Majike upande huu, dume upande ule, anasaga meno, povu linamdondoka, ametoa mdomoni lile puto jekundu kama mtu aliyetapika pafu. Mwenyeji wa hapa akiona hivyo, hata awe mtoto, anazunguka mbali porini. Mimi nikasema fahali ni fahali, kwetu ukimkemea anapisha. Nikapiga kengele, nikapita katikati, baina yake na wake zake.

Sikumwona akija. Alinidaka mkono kwa meno juu ya kiwiko, akaninyanyua, akanitikisa kama mwanamke anavyokung'uta mkeka, akanitupa. Kisha akaja kunilalia na kifua. Ngamia haishii kwenye teke, Mama Wakesho, anakupigia magoti juu na kukusaga. Niliusikia muundi wangu ukisema kak, kama ukuni mkavu. Nilimtia kidole jichoni kikazama, nikamuuma mdomo. Ndiyo, nilimuuma ngamia, na waliokuwepo wanasimulia mpaka leo. Mwenye ngamia, Mzee Gedi, alimtwanga dume lake rungu la kichwa mara sita ndipo likaniacha.

Mzee Gedi ndiye aliyenifikisha hospitali, na kila asubuhi alikuja na kibuyu cha maziwa na matusi yake ya Kisomali, kila p akiigeuza b.

"Waryaa! Mzee mzima unabita kati ya bwana harusi na bibi harusi, unabiga kengele? Ulitaka wakualike?"

"Angekuwa dume kweli angetafuta ngamia mwenzake," nikamjibu.

"Wallahi umemuuma mdomo. Sasa hata majike wanamcheka."

Hospitali walinifunga plasta, wakasema miezi mitatu. Wiki ya sita iliniwasha, nikaikata kwa kisu cha kuchunia. Usipige kelele, najua. Mfupa ukashika upande, wayo ukatazama nje kama mlango usiofungika. Nikipanda baiskeli, kisigino kinagonga mnyororo. Mzee Gedi akanitazama nikianguka mara tatu, akaenda kuniletea fundi wa mifupa, mwembamba kama kiberiti. Yule akapapasa, akasema lazima uvunjwe tena.

Watu wanne walinikalia. Mzee Gedi alikaa kifuani. Fundi akaweka muundi wangu juu ya gogo, akataja jina la Mungu, akashuka na goti lake zima. Mkanda wa ngozi niliokuwa nimeuuma ulikatika. Nilichomoa mkono mmoja nikampiga Mzee Gedi ngumi ya pua, damu yake ikanidondokea mdomoni, na hakuondoka kifuani. Akasema, "Biga tena, lakini mguu usitikise." Nikampiga tena. Fundi akavuta wayo, akaunyoosha, akafunga vijiti na mafuta ya mkia wa kondoo. Safari hii nilikaa miezi yote niliyoambiwa, kwa sababu Mzee Gedi alificha kila kisu nyumbani mwangu.

Nilipoacha mkongojo ndipo neno lako likafika. Nikamwendea Mwalimu Ouma, mwalimu wa michezo wa shule ya upili, anayewafundisha vijana mbio za baiskeli. Akaniandikia ratiba kwenye karatasi. Nikacheka. Nikamwambia, "Mimi nimeendesha baiskeli kabla baba yako hajabalehe."

"Ndiyo maana mguu wako ni mzee kuliko baba yangu," akasema. "Soma."

Jumatatu kupumzika. Jumanne kuvuka daraja mpaka Madogo na kurudi, bila mzigo. Alhamisi kwenye mchanga, dakika tano kwa nguvu zote, dakika tano taratibu, yeye amesimama na saa. Jumamosi njia ndefu. Jumatatu ya kwanza nikatoroka nikaenda Madogo mara nane kumwonyesha. Mguu ukavimba kama tikiti. Mwalimu akaja, akafungua gurudumu la mbele, akaondoka nalo. Tangu siku hiyo kila Jumapili jioni gurudumu langu linalala kwake. Na hiyo Alhamisi ya mchanga ni kipigo, nakwambia. Nilitapika juu ya usukani. Mfupa ulikuwa unanichoma kama mtu ameacha msumari ndani. Niliutukana, nikaupiga ngumi, nikaendelea. Mwezi wa nne Mwalimu alitazama saa yake mara mbili, akasema, "Mzee, nenda Korakora."

Tulitoka sita, wabeba nyama watupu. Kwenda, sikuachwa. Kurudi, wanne wakatangulia, nikabaki na Musa, kijana mwenye mikono minene kama mapaja yangu, ambaye ndiye aliyechukua njia yangu ya hoteli nilipolala mgonjwa. Tulipofika penye mchanga mwingi akaanza kuniita adeer, yaani ami kwa Kisomali: "Adeer, biga kengele! Ngamia anakuja, adeer, biga kengele!" Akacheka, akanikatia mbele, gurudumu lake likagusa langu, nikaanguka juu ya mguu ule ule.

Mguu haukuvunjika. Niandike hilo kwanza. Nikainuka, nikachomoa pampu kwenye baiskeli, nikampiga nayo usoni. Nyusi ikapasuka. Nikampiga tena, jino likatoka. Nilitaka afe, Mama Wakesho, sikufichi. Akanishika kifundo cha mkono. Nikangoja ngumi yake, na nilikuwa naitaka hasa, nilikuwa nimejiandaa kuipokea.

Akasema, "Tosha, adeer. Mimi siwezi kukubiga. Una mvi kama baba yangu."

Akatema damu. Akaokota baiskeli yangu, akabana gurudumu kwa magoti, akanyoosha usukani. Mguu wangu ulikuwa unatetemeka hivi kwamba sikuweza kuuvusha juu ya kiti. Akanishika kiwiko, akanipandisha. Kisha akatangulia mbele yangu, ananikandamizia mchanga kwa gurudumu lake nipite juu ya alama yake, damu inamdondokea pajani, mpaka tukawakuta wenzetu wakinywa maji. Tukaingia mjini sita kama tulivyotoka. Watu wakapiga kelele, "Mzee amefika!" Mwalimu akanipa mkono. Musa akawaambia damu ile ni ya kuanguka kwake mwenyewe.

Basi ningeweza kukuandikia hayo tu, nimefika, na nani angekwambia vingine? Siku mbili kalamu imelala hapa mezani. Lakini ulisema bila kushikwa mkono na mtu, na alinishika. Nimepigwa na ngamia, nikakaliwa kifuani na Mzee Gedi, hao wote niliwarudishia. Yule kijana sikuwa na la kumrudishia.

Nimeshindwa. Mpe binti yetu aikate sehemu hii ya karatasi uiweke sandukuni, maana neno hilo hutalipata tena kwangu.

Njia ya hoteli nimeshamwachia Musa kwa mkono wangu, nakuja na basi mwisho wa mwezi. Msalimie kaka yangu fundi cherehani, na shangazi muuza ndizi, na mama mkwe ingawa hanipendi, na Mchungaji umwambie nimeacha matusi, karibu yote. Baiskeli nakuja nayo. Usiseme neno. Mwambie kaka apanue mlango wa stoo, kwa maana usukani haukunjiki, na mwenye nao vilevile.

Mimi mumeo,
Baba Wakesho