Chipu Sita Nilizofunga Tupu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimelikoroga mwenyewe na kulinywa nashindwa. Mimi ni fundi wa redio, na mwaka mzima nimebuni kifurushi cha bei nafuu cha wanaoanza elektroniki, vipande kumi na vinne, unavilehemu mwenyewe, unapata kifaa cha kupakia programu kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye chipu, na nimekataa kukiuza kikiwa tayari kwa sababu nataka mtu akijenge kwa mkono wake. Jumamosi iliyopita niliwapa wanafunzi sita wakijaribu dukani kwangu, hakuna hata kimoja kilichoitikia kompyuta, nikapandwa na hasira, nikamgeukia mmoja wao, jirani yangu fundi cherehani, mama wa rika la mama yangu, nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, mikono hiyo imezoea kitambaa, huku utaunguza vitu tu." Akakunja miwani yake akaondoka. Baadaye nikakagua kifaa chake, kumbe lehemu yake ni safi kuliko yangu, tatizo ni kwamba kifaa chenyewe kina chipu yake ya ndani ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuijaza programu kabla ya kufunga mfuko, na zote sita nilizifunga tupu. Wanafunzi wanarudi Jumamosi hii. Kaka yangu anasema, "Wajazie kimyakimya, fundi akikiri kosa nani atamwamini tena?" Kifurushi hiki siachi, lakini nikisikia cherehani yake nyuma ya ukuta naona aibu. Nifanyeje?

Fundi Redio

Fundi, pole, ila usiizoee. Kusahau chipu ni kosa la kazi, hata mimi hupika nikasahau chumvi. Kumvunjia heshima mama wa watu ni jambo jingine, na halitengenezwi kimyakimya. Unataka watu wajifunze bila kuogopa kukosea, na wewe kosa moja tu limekuficha nyuma ya ukuta.

Kesho nenda kwake asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Usimtume mtu, wala usibebe zawadi. Beba kompyuta, kifaa chako kizima na kile alicholehemu yeye. Mwambie, "Mama, nisamehe. Kazi yako ilikuwa sawa, nimekosea mimi." Koma hapo, habari za hasira zako ziache nyumbani. Ijaze chipu yake kwa kifaa chako akiona, kitufe abonyeze yeye.

Jumamosi waambie na wale watano ukweli, na kuanzia sasa usifunge mfuko bila kujaribu chipu yake. Kaka yako mwambie muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Na mama akikataa kukusamehe, usibishane naye. Mwachie kifaa kikiwa kinafanya kazi, kwa sababu alikijenga yeye.