Mama na "Salama" Yake

Richfield, Jumanne, Novemba 2017

Leo kliniki nesi alimjulia Mama hali, na bado akamjibu, "Salama tu." Anaharisha tangu Jumamosi, lakini kwake ukijuliwa hali, salama hutangulia. Nikamkatiza, nikasema ukweli. Akaniangalia kama sina adabu.

Namshukuru Mungu nilisema. Dawa yake ya saratani huziba kipokezi kwenye seli za kinga, ile breki ambayo saratani ya mapafu huikanyaga isishambuliwe. Kipimo cha uvimbe kilionyesha itamfaa, na kweli uvimbe umepungua. Ila seli zisizo na breki zaweza kugeukia hata utumbo. Daktari akaahirisha dripu ya dawa hiyo, akampa vidonge vya kutuliza kinga. Tumewahi, alisema.

Garini Mama alininunia. Tulipofika nyumbani nikamuuliza anajisikiaje.

"Tumbo linauma, mwanangu."

Sijawahi kufurahia jibu kama hilo.