Mlio wa Injini Ndogo

Kaka yangu,

Sisi wazima. Paa tumeliziba, na paka kazaa ndani ya kabati lako.

Unalalamika kwamba Baba hapokei simu zako, eti amekununia tangu uondoke. Jumamosi aliitoa injini ya ile ndege ndogo ya mfano mliyoiunda pamoja, akaifunga mezani, akaiwasha. Unakumbuka alivyotufundisha: kaza skrubu ya mafuta taratibu, sikiliza mpaka mlio uwe mwembamba, kisha irudishe kidogo, injini isije ikaungua. Basi akakaza. Mlio ukawa mwembamba, ukageuka kilio, mimi nikaziba masikio. Yeye bado anakaza, kainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kitu. Injini ikafuka moshi, ikakwama.

"Imezeeka hii," akasema. "Siku hizi hailii."

Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu kwamba chai imetosha, asante.

Hajakununia, kaka. Acha kupiga simu, njoo. Barua hii naiandika nimekaa kando yake, na kila mstari nausoma kwa sauti. Hajageuka hata mara moja.

Mdogo wako uliyemwachia nyumba