Kumi na Wanne Wasiojua Kudaka

Shuleni, 9 Tikimt

Baba yangu Mengesha,

U mzima? Goti linaamkaje na baridi hii? Kikohozi kimepungua? Mama Tiruye jirani bado anakuletea mchuzi wa shiro, au mmeshagombana tena? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito. Simu ya huku mpaka upande mlimani, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa lori la shayiri.

Baba, wametufutia kipindi cha michezo. Mwezi wa Meskerem, shule zilipofunguliwa, walikuja watu wa ofisi ya elimu na vidude vya kuhesabu hatua. Kila mtoto wa darasa la tatu alifungwa kimoja kiunoni, akae nacho siku saba. Wewe unawajua watoto wa huku: mwendo wa saa mbili kuja shule, saa mbili kurudi, bado maji, bado kondoo. Hatua zikawa nyingi mpaka wenyewe wakashangaa. Mmoja wao, Asnaketch, alichoka na chake, akamfungia punda wa kwao anayebeba maji. Punda akawashinda wote! Nikawaambia, jamani, huyu ni punda. Wakasema imeshaandikwa.

Sasa imekuja barua: watoto wa shule hii wanatembea vya kutosha, hawahitaji michezo. Kuanzia muhula wa pili kipindi kiende kwenye hesabu.

Kutembea wanatembea, nani kabisha? Lakini ukimwambia mtoto aruke kwa mguu mmoja, anaanguka kama gunia. Ukimrushia mpira anafumba macho. Nina watoto hamsini na wawili, na kumi na wanne kati yao hawadaki hata nikisimama hatua mbili. Hilo hakuna aliyelipima.

Aliyetia sahihi ni mkuu wa ofisi ya elimu, Ato Dagnachew, yule uliyemfundisha. Ofisi yake iko hapo hapo mjini kwako. Baba, nenda ukaseme naye. Wewe hawezi kukufukuza mlangoni.

Mwanao,
Yeshi

Mjini, 24 Tikimt

Yeshi mwanangu,

Salamu nyingi, za asubuhi na za jioni. Goti lipo, linanikumbusha kila ngazi. Mama Tiruye hajambo, ananisemesha Jumapili tu. Unakula vizuri? Usiniambie unashindia kolo, nafaka za kukaanga, kama mchunga kondoo.

Huyo punda mpeni medali. Nimecheka mpaka kikohozi kikarudi.

Lakini kuhusu hilo ombi lako, hapana. Miaka thelathini na minne nimefundisha michezo kwa filimbi na mistari minne, na wakimbiaji saba waliovaa jezi ya mkoa wametoka mkononi mwangu. Kudaka mpira wa matambara? Hayo ni mambo ya chekechea. Mtoto mwenye kipaji hujionyesha mwenyewe, na asiye nacho hata umrushie mpira mpaka sikukuu ya Fasika, hana tu. Hao kumi na wanne waache wakasome hesabu, labda ndiko riziki yao ilipo.

Halafu mimi nikampigie magoti Dagnachew? Mtoto niliyemfuta kamasi? Usinitume huko.

Vaa soksi mbili.

Babako

Shuleni, 18 Hidar

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mfungo haujakudhoofisha. Mimi sijambo wa kusema tu.

Sikukuambia upige magoti. Nilikuambia ukaseme.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira nayo inataka nguvu, sina. Nina mpira mmoja kwa watoto hamsini na wawili. Kipindi ni dakika arobaini, kumi zinaliwa na kuwafuata wale wanaojificha nyuma ya choo. Unajua nani wanajificha? Haohao kumi na wanne. Siyo wavivu, Baba. Asnaketch anabeba lita ishirini kupanda mlima. Lakini mpira ukimjia anageuza uso, wenzake wanacheka, basi anakwenda kukaa ukutani. Ana miaka minane. Akifika kumi na miwili hajui kudaka, hajui kurusha, hakuna wa kumwita kwenye mchezo wowote. Atakaa ukutani mpaka aolewe, na hatua zake zote zitakuwa za kubeba maji ya watu wengine.

Tangu Meskerem nimeshawapata watano wakadaka. Watano tu! Nikipewa mwaka nitawapata wote. Nikinyang'anywa kipindi, basi tena.

Sitakuomba mara ya tatu. Nimechoka kuomba kwa watu wasiosikia, na babangu nisingependa awe mmoja wao.

Mwanao,
Yeshi

Mjini, 20 Tahsas

Yeshi mwanangu,

Salamu. Mwezi mzima sikukuandikia, lakini sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nilikwenda. Nilivaa koti la mkutano na shuka zito la gabi juu yake, nikakaa kwenye benchi la ofisi kuanzia saa tatu hadi saa sita. Dagnachew alinipokea kwa heshima zote, akasimama, akaagiza kahawa. Mezani alikuwa na machungwa kwenye sahani. Nikamweleza habari za kipindi chako. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Mwalimu, unanikumbuka nilipokuwa darasa la tatu?"

"Nakukumbuka vizuri. Ulikuwa mtoto mwenye adabu."

"Nilikuwa mshika makoti, Mwalimu."

Nikarudisha kikombe mezani.

"Miaka minne," akasema. "Wenzangu wakikimbia, mimi nashika makoti yao. Siku ya kwanza ulinirushia mpira, ukanigonga puani, ukaniambia, 'Wewe kashike makoti.' Ndiyo michezo ninayoijua mimi. Walipoleta zile hesabu za hatua nikasema afadhali, angalau kuna watoto wataponea kwenye hesabu kama nilivyoponea."

Yeshi, mimi na ukaidi wangu. Nikaona anatia chumvi. Nikachukua chungwa moja pale mezani, nikamrushia, polepole kabisa, kama utani. Mtu mzima, ana mvi. Akafumba macho na kugeuza uso. Chungwa likampiga begani, likaviringika mpaka chini ya kabati la mafaili. Karani aliyekuwa mlangoni akajifanya hajaona. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwomba radhi. Nilisema "nisamehe" mbele ya karani wake, jambo ambalo hata mama yako, Mungu amlaze pema, hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Kisha akanipa sharti. Kipindi kitabaki, lakini siyo wewe utakayewafundisha hao waliobaki kudaka. Nitawafundisha mimi. Kila Alhamisi nije nitie sahihi kwenye daftari la mkuu wako wa shule, na mwisho wa mwezi wa Megabit atakuja mwenyewe kuwatazama. Nikikosa Alhamisi tatu, barua yake ya kwanza inarudi palepale. "Wewe ndiye uliyetuacha," akasema, "kwa hiyo wewe ndiye utakayerudi kutuchukua."

Nikasema ndiyo. Kusema kweli nilitaka kutoka mle ndani tu.

Tutaanza Alhamisi ya kwanza baada ya sikukuu ya Timket. Kula vizuri siku ya Genna, Krismasi yetu.

Babako

Shuleni, 26 Tir

Baba,

U hali gani? Goti, kifua, macho? Nijibu hata kwa neno moja, nina wasiwasi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikusamehe makali yako yote. Siku ya Timket niliwaambia watoto, babangu anakuja kuwafundisha, alikuwa mwalimu kabla hata mimi sijazaliwa. Tisa waliobaki wakafua nguo.

Alhamisi ya tarehe kumi na nane wakajipanga uwanjani. Hukuja. Nikasema labda lori limeharibika. Jana, tarehe ishirini na tano, wakajipanga tena. Hukuja. Mkuu wa shule kaandika "hayupo" mara mbili, kwa wino mwekundu, na anaandika polepole kama mtu anayefurahia. Alhamisi ijayo, tarehe mbili ya mwezi ujao wa Yekatit, ndiyo ya tatu.

Mlinzi anasema siku ile ya kwanza aliona mzee mwenye gabi na fimbo amesimama nje ya ua. Alitazama darasa langu karibu nusu saa, kisha akapanda lori lililokuwa linarudi. Baba, ulikuwa wewe? Kama ni wewe, umekuja saa mbili nzima ndani ya lori la shayiri ili utazame halafu uondoke? Kuna nini?

Mwanao,
Yeshi

Mjini, 28 Tir

Yeshi,

Mimi mzima. Nilikuwa mimi.

Nilifika nikiwa na filimbi mfukoni. Nikasema nisubiri kidogo ukutani, nikuone unavyofanya, nisije nikakuharibia. Ulikuwa na msichana mmoja mwembamba, sweta la kijani. Ulimrushia, akakosa. Ukasogea, ukapiga goti, ukamwambia kitu. Ukarusha tena. Mara ya kumi na moja, nilihesabu, akadaka, akaukumbatia ule mpira hataki kuurudisha. Ukacheka.

Hapo nikashindwa kuingia. Mwanangu, niseme wazi kwa sababu karatasi haina macho: sijui kufundisha kudaka. Miaka thelathini na minne sijawahi kumfundisha mtoto hata mmoja. Nilikuwa nawarushia mpira siku ya kwanza, anayedaka namweka huku, anayekosa namweka kule. Huku nawapa mazoezi, kule nawapa makoti. Wale saba wa jezi ya mkoa walikuja kwangu wanajua kukimbia. Nilipuliza filimbi tu, sifa nikachukua.

Sasa mbele ya watoto tisa, na wewe unatazama, nifanye nini? Nisimame nipulize? Niliona aibu kuliko siku ya lile chungwa. Nikapanda lori. Wiki iliyofuata nilivaa koti, nikafika kituoni, nikarudi nyumbani nikamwambia Mama Tiruye naumwa. Hakuniamini.

Sitaki kipindi chako kife kwa sababu yangu. Lakini siwezi kuja mikono mitupu. Ulimwambia nini yule mtoto? Niandikie unavyoanza, hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mwalimu mpya. Nifundishe, Yeshi. Dereva anarudi kesho kutwa asubuhi.

Babako

Shuleni, 30 Tir

Baba yangu,

Salamu za afya utazipokea ukifika, dereva ananipigia honi.

Filimbi iache nyumbani. Usianze na mpira, anza na shuka lililokunjwa likafungwa fundo, haliumizi. Simama hatua moja tu. Rusha mkono ukitokea chini, lifike kifuani, wala usifanye haraka. Mwambie atazame shuka, asitazame uso wako, kwa sababu uso wako, Baba, unatisha hata ukiwa umefurahi. Akifumba macho usimwambie fumbua. Sogea karibu zaidi, mpaka hofu imwishe yenyewe. Kabla ya kurusha taja jina lake, na majina yote tisa, pamoja na la yule uliyemwona akidaka mara moja, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, yakariri ndani ya lori. Akidaka, rudi nyuma nusu hatua. Akikosa, usimtume akaokote. Okota wewe. Najua goti lako, okota hivyohivyo.

Yule msichana sikumwambia kitu cha maana. Nilimwambia, "Tena."

Watakosa sana, na wewe utakosea sana, na mimi nimechoka kiasi kwamba sitakuwa na nguvu za kukucheka. Keshokutwa saa nne. Nitakuwa getini tangu saa tatu, na ukisimama nje ya ua nitatoka nikushike mkono tuingie.

Mwanao,
Yeshi