Mbuzi Mwenye Viatu vya Bwana Harusi

Mama yangu kipenzi,

Sisi wazima. Krismasi hii, bila mimi na kipaza sauti, viatu vya dukani kwa tajiri wangu visingeuzika. Napiga wimbo wa kipuuzi wa mbuzi aliyevaa viatu vya bwana harusi, na wateja wanaingia wakicheka.

Jana baba alimleta kitinda mimba wako, ambaye hajacheka tangu uondoke. Wimbo ukapigwa, mtoto hakucheka. Basi baba, asiyetabasamu hata kwenye picha, akaninyang'anya kipaza sauti, akachechemea katikati ya duka akiimba, "Mee, kiatu kinanibana!" Mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Nimemvulia kofia, ingawa sauti yake ni msumeno. Ubeti wa pili amekataa: "Huo mpaka mama yenu arudi."

Mdogo wangu sasa analala na viatu, tayari kukupokea.

Mwanao, fundi wa kuita wateja